Nilivyoshusha ada ya doctorate ya physician assistant kama nanunua zulia, hapa Doha

Wakuu, salaam kutoka Doha, kwenye joto la kukaanga yai juu ya boneti.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Sitatia chumvi, maana huku hata chumvi nanunua kwa riyali.

Mimi ni physician assistant kwenye kliniki moja binafsi maeneo ya Al Sadd. Kwa wasioijua kazi hii: nampima mgonjwa, nashona kidonda, naandika dawa, yote chini ya usimamizi wa daktari. Nikishamaliza kila kitu, mgonjwa anavaa shati lake, ananishukuru vizuri kabisa, halafu anauliza, "Sasa daktari anakuja saa ngapi?"

Swali hilo ukiulizwa kila siku linakula roho.

Ndipo nikakutana na tangazo kwenye simu. Doctorate kwa watu wa kada yangu. Online, miaka miwili, huachi kazi. Jina la chuo nalihifadhi.

Ada: dola 38,000.

Nikapiga hesabu kwa riyali. Nikarudia. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi, maana ya kwanza nilisahau technology fee.

Sasa elewa hapa. Benki nilikuwa na riyali 46,000, na hizo zilikuwa na wenyewe. Ni za kumleta mke wangu, mama Nasra, na mtoto kutoka Tanga: viza, tiketi, na deposit ya flat ya chumba kimoja kule Al Wakrah. Nasra alikuwa ananijua kwa kioo cha simu tu.

Hela ya familia haiguswi, nikajiambia. Lakini bei kuiuliza si dhambi.

Nikapangiwa video call na advisor wa chuo, jamaa mmoja mchangamfu, tumwite Brian. Nikamuuliza, "Bei ya mwisho?"

Akacheka. Eti elimu ni investment, haina bei ya mwisho.

Wakuu, muuzaji akikwambia hivyo, jua wewe ndiye hujafika mwisho.

Nikafanya kama ninavyofanya kwa wauza mazulia. Nikasifia bidhaa, nikashukuru, nikaondoka taratibu. Siri iko kwenye kuondoka: ukienda mbio wanajua unaigiza. Usipoitwa, bei ilikuwa ya kweli. Ukiitwa, ilikuwa ya kupimia watu.

Jumatatu nikaitwa. Scholarship imepatikana, sasa ni 30,000. Nikamwambia nina watoto wengi (ninaye mmoja, ila sokoni hatuhesabiani). Nikaondoka tena. Jumatano, 24,000. Nikamtajia chuo kingine ambacho hata sijui kama kipo. Ikawa 19,500, technology fee imefutwa, mradi nilipe dola 6,000 za kuanzia kabla ya Jumapili.

Karibu nusu bei! Nikaanza kulainika. Nikitoa hizo, Al Wakrah imeota mbawa, lakini Nasra si atanielewa? Akija siku moja atamkuta baba daktari.

Nikamwonesha Wanjiru, nesi wetu kutoka Nakuru. Akaiangalia simu, akaniangalia mimi.

"Aki wewe! Hiyo ni doctorate ama ni mtumba ya jioni?"

Nikamwambia wivu hauna dawa, na anayeandika dawa hapa ni mimi.

Nikampigia mama Nasra kujisifu. Huyu anauza vitenge, mimi kwake ni mwanafunzi. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya.

"Hongera, baba Nasra. Ila mimi kitenge kikishuka nusu bei kabla sijakaa, huwa nakifunua chote natafuta tobo. Wewe umekifunua?"

"Hiki ni chuo, mama Nasra."

"Haya. Ukimaliza, mshahara unapanda kiasi gani?"

Nikaanza kumweleza tena habari za scholarship.

"Hukuuliza."

Wiki nzima nimebishania bei ya kununulia, ya kuuzia sijui. Mimi! Mtu ninayeomba punguzo kwenye chai!

Kesho yake nikaenda HR. Dada wa Kifilipino, mpole. Akaangalia kwenye kompyuta: cheo kilekile, grade ileile, mshahara uleule. Basi angalau kwenye beji niandikwe Dr?

"No, sir. Patients will be confused."

Yaani mgonjwa asije akadhani mimi ni daktari. Na ndicho nilichotaka kununua!

Nikiwa palepale mkono ukaniwasha. Nikauliza, kuna kozi gani kliniki inaichangia? Ipo ya ultrasound, watu ni wachache, na ina allowance yake. Wao nusu, mimi nusu. Nikataka watoe robo tatu. Dada akasema khalas, yaani basi imetosha, nikaona kweli khalas, nikajiandikisha.

Mama Nasra na mtoto walitua mwezi uliopita. Juzi namsikia Nasra kwenye korido anamringia mtoto wa jirani: "Baba yangu daktari." Nikamwita, nikamfundisha: mwanangu, sema physician assistant. Akajaribu, ulimi ukamgomea.

"Refu hilo, baba. Nitasema daktari."

Nikamwacha. Cha bure sibishani nacho.

Simpondi mwenye hiyo shahada. Anayetaka kufundisha chuoni au kuongoza idara huenda ikamlipa. Ninachosema, kabla hujauliza ada inashuka hadi wapi, uliza wewe itakupandisha hadi wapi.

Mlioisoma njooni mnipinge, ila njooni na payslip mbili, ya kabla na ya baada.

Brian bado ananitafuta. Leo asubuhi yuko 14,000. Mama Nasra kaisoma meseji, kanirudishia simu.

"Usimjibu. Huyo hajachoka bado."