Darasa Alilochaguliwa Kabula

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, tukiwa bado Misungwi. Karani wa sensa alifika nyumbani asubuhi, akawekewa kigoda uani. Baba, kama mkuu wa kaya, ndiye aliyejibu kwa niaba yetu sote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

Mimi na dada yangu Kabula tulimaliza darasa la saba pamoja, kwa kuwa yeye alichelewa kuanzishwa shule. Sote wawili tulichaguliwa kwenda sekondari. Alinipita kwa alama, na hilo alinikumbusha kila tulipogombana. Baba alipofikia jina lake alisema amemaliza la saba, basi. Karani akauliza kama anaendelea.

"Huyo anaendelea kwa mume," baba akajibu, na wajomba zetu, waliokuja kwa mambo ya posa yake, wakacheka.

Posa ilikwisha kukubaliwa. Kwetu Usukumani ng'ombe wa mahari ya binti ndio humwoza kaka yake. Wa Kabula walipelekwa mnadani, nami nikalipiwa ada.

Bibi yetu, mama yake baba, hakucheka. Wajomba walipoondoka aliniita jikoni. "Nenda ukasome," akaniambia. "Lakini ujue umekanyaga mgongo wa nani." Nilikuwa kijana, nikayaona ni maneno ya uzee tu. Kabula alikuwa papo hapo, anapepeta mchele. Hakuinua uso.

Nilisoma, nikapita chuo cha ualimu pale Butimba, nikafundisha hadi kustaafu. Sensa zilikuja zikapita, na kila mara tuliambiwa waliosoma wameongezeka huku kwetu, wasichana nao wakiwemo. Ni kweli, na ni heri. Lakini habari hiyo ikisomwa redioni huwa napunguza sauti, maana katika ongezeko hilo nimo na mimi.

Sensa hii ya mwisho ilinikuta Pasiansi, jijini Mwanza, kwa Kabula, anakouza dagaa tangu afiwe na mumewe. Karani safari hii alikuwa binti, ameshika kishikwambi. Alimwamkia Kabula shikamoo, akamwuliza kiwango chake cha elimu.

"La saba." Kabula akajifuta mikono kwenye kanga. "Hakuna mahali pa kuandika kwamba nilichaguliwa?"

"Hapana, bibi. Tunaandika ulikofika tu."

"Haya, mjukuu wangu. Andika nilikofika."

Akarudi kugeuza dagaa wake juani. Mimi nilikaa pale na suruali yangu iliyopigwa pasi, nisijue pa kutazama. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hata wakiwa wamenyonya ziwa moja.

Mwanangu, ukisikia waliosoma wameongezeka, furahi, kisha uliza ni nani alibaki nyumbani ili mwenzake aende. Ukijaliwa watoto, usimsomeshe mmoja kwa kumtoa mwingine. Afadhali wote wachelewe, wavae viraka, waende. Na kama wewe ndiye uliyebebwa, mrudie aliyekubeba mapema, angali na umri wa kushika kalamu. Mimi nilichelewa kumrudia.

Mungu akulinde, akupe riziki ya kuwatosha wote, na asikuoneshe uso kama wa Kabula siku ile Pasiansi.