Samurai Mwekundu wa Itigi

Mtu akiniambia kwamba Itigi ya enzi zile haikuwa na kitu, naudhika. Kulikuwa na asali, kulikuwa na vichaka ambavyo ng'ombe akiingia hesabu amepotea, na kulikuwa na samurai. Ndiyo, samurai, wale wapiganaji wa Kijapani wenye panga! Wawili, mmoja mwekundu na mwingine wa bluu, ndani ya mashine kubwa kama kabati la nguo, kwenye kibanda cha mabati mkabala na stesheni. Mwekundu alikuwa rafiki yangu. Wa bluu nilikuwa mimi.

Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Maduka ambayo zamani ulipanga foleni kwa kipande cha sabuni yalijaa redio kaseti, mitumba, viatu vya plastiki na vikorokoro ambavyo hata wauzaji hawakujua ni vya nini. Ndipo mfanyabiashara mmoja akashusha mashine ile ya gemu kutoka kwenye behewa la mizigo. Walioibeba hadi kibandani walikuwa wachukuzi wa stesheni, na rafiki yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nauza asali kwa abiria madirishani. Alinijia jasho linamchuruzika, akaniambia mbele ya watu, "We Mgogo, acha kuombaomba kwenye madirisha ya watu. Njoo uone kitu nilichokibeba."

"Mnyamwezi na mizigo," nikamjibu. "Utakufa una gunia kichwani."

Tulikuwa tunaongea hivyo kila siku. Yeye Mnyamwezi, wazazi wake walikuja na kazi ya reli kutoka Tabora, mimi Mgogo, na makabila yetu ni watani. Wazee wanasema babu zao walikuwa wakipita kwetu na mizigo kuelekea pwani, na babu zetu wakiwazuia njiani mpaka watoe hongo. Waligombana weee, mwisho wakachoka, wakawa watani. Mtani wako anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Anaingia uani kwako, anakamata kuku, anaondoka naye, na wewe unacheka tu. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani mpaka wafiwa wacheke. Watu wa mbali wakiona wanadhani ni dharau. Si dharau, ni kazi, na anayeifanya haruhusiwi kulia.

Basi tukaingia kwenye gemu. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya kibanda, kioo kinawaka, na kwenye kioo unaona nchi kama vile uko juu angani: mito, madaraja, majumba yenye mapaa yaliyopinda. Nchi yenyewe ndiyo inayoteremka, na samurai wako anapanda, anapanda, huku maadui wakimwagika kutoka juu na mishale, visu na moto. Unashika kirungu cha kumwongozea kwa mkono mmoja, kwa mwingine unabonyeza kitufe mpaka kidole kife ganzi, samurai anarusha panga zisizoisha. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Hatukujua wanapigania nini wala mwisho wa safari ni wapi. Mwenye kibanda naye hakujua, ila alijifanya anajua.

Rafiki yangu alicheza kwa mwili mzima. Aling'ata kola ya shati lake, akainama upande ambao samurai anakwenda, akapiga magoti, akainuka, akawatukana wale maadui kwa Kinyamwezi, matusi mengine hata mimi niliyekua na watoto wa reli sikuyajua. Vikitokea vile vitu vya kuongeza nguvu, tukivigombania, alipiga kelele, "Mgogo usiombe, okota!" Na akiuawa, alirudi hatua moja nyuma, akaitazama mikono yake yote miwili kana kwamba ndiyo yenye makosa, kisha akamgeukia mtu yeyote aliyekuwa karibu na kusema kwa uchungu wa kweli, "Nimeonewa." Hakukubali hata mara moja kwamba ameshindwa. Sikuzote alionewa. Kibanda kizima kilikuwa kinaingoja hiyo "nimeonewa" na kuangua kicheko.

Mama yake aliichukia ile mashine. Alikuwa mjane, na huyu ndiye mtoto aliyebaki naye nyumbani. Mchana mmoja alikuja na fimbo kabisa, kanga imefungwa kiunoni, tukajua leo kuna mtu atavunjwa mguu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," hakuitika. Akasimama nyuma ya mwanawe na fimbo yake. Sijui nini kilimpata. Alitazama kioo, akatazama tena, kisha akauliza taratibu, "Yupi ni wewe?"

"Huyu mwekundu, mama."

Yule mama akasogea. Akaanza kuinama kama anavyoinama mwanawe. Jitu moja kubwa lenye kofia ya pembe likashuka kutoka juu, likatema moto, samurai mwekundu akalipuka, na mama akashika kichwa, "Uwii! Umekufa?"

"Bado, mama. Nimebakiza roho mbili."

Tulicheka mpaka mwenye kibanda akatoka nje kwenda kucheka peke yake. Fimbo yenyewe mama aliisahau pale, tukamrudishia jioni.

Masika iliyofuata rafiki yangu alipata homa. Tulidhani ni ile ya kawaida, na yeye mwenyewe aliendelea kubeba magunia kwa siku kadhaa, mbishi yule. Homa ikampanda kichwani. Nilipokwenda kumwona wodini alikuwa anaongea na watu ambao sisi hatukuwaona. Nilimtania, nikamwambia Wanyamwezi kwa uvivu hamjambo, umepata kitanda chenye shuka umekataa kuamka. Hakunigeukia. Alfajiri ya siku ya pili yake nilisikia kilio kikitokea upande wa nyumba za reli, nikajua.

Nilimpenda yule mtu. Sikuwahi kumwambia, kwetu mambo hayo hayasemwi, hasa kati ya watani. Nilikaa kitandani nikavaa kiatu kimoja, nikashindwa kuvaa cha pili. Nilitaka kulia, tena kulia kwa sauti kama mwanamke aliyefiwa. Kabla sijaanza, mjomba wake akabisha hodi.

"Mtani," aliniambia pale mlangoni, "njoo. Dada yangu hajalia. Amekaa tu. Hali, hanywi, haongei, ukimshika anakuwa kama gogo. Tukimzika mtoto huku yuko hivi, atatuharibikia. Fanya kazi yako."

Nikavaa kile kiatu cha pili.

Msibani nilimkuta mama ameketi mkekani katikati ya wanawake, macho makavu, anatazama ukuta. Nikaanza na yale ya kila msiba. Nikajifunga kanga, nikajipaka majivu usoni, nikaingia jikoni nikatoka na mwiko, nikalalamika kwamba Wanyamwezi ni wachoyo hata wakifiwa, ugali wao mdogo. Watu wakacheka. Mama, kimya. Nikachukua viatu vya mjomba nikavipiga mnada. Watu wakacheka tena. Mama alitazama ukuta tu. Nikarudi jikoni nikajipaka majivu mapya. Shangazi mmoja akaninong'oneza, "Ongeza, baba, ongeza."

Jeneza lilipotolewa kwenda makaburini nililala chali katikati ya njia. "Hapa ni Ugogo!" nikapiga kelele. "Mzigo haupiti bila hongo!" Wachukuzi wenzake ndio waliokuwa wamelibeba. Wakacheka huku machozi yanawatoka, wakanirushia sarafu na sigara, nikawaruhusu wapite. Mama alipita pembeni yangu ameshikwa mikono huku na huku. Hakunitazama.

Kaburini wakaliweka jeneza juu ya miti miwili. Katekista akafungua kitabu. Nilimwona mjomba ananitazama, na nikaelewa kwamba baada ya sala hakutakuwa na nafasi nyingine. Vituko vyote nilikuwa nimevimaliza. Kichwani mwangu hamkubaki kitu isipokuwa yeye.

Nikamwomba katekista anisubiri. Nikasimama mbele ya jeneza, miguu nimeitanua. Nikaing'ata kola ya shati langu. Kwa mkono wa kushoto nikashika pembe ya jeneza kama kirungu, na kwa kidole cha mkono wa kulia nikaanza kubonyeza, kwa haraka, ko ko ko ko ko. Nikainama kushoto. Nikapiga magoti, nikainuka. Nikawatukana maadui kwa Kinyamwezi, yale matusi yake, mbele ya katekista, Mungu anisamehe. Nyuma yangu wachukuzi walishaelewa, nikasikia mmoja anasema, "Jamani, ndiye huyo." Nikapigana na lile jitu la pembe, nikapigana mpaka shati likalowa. Kisha nikauawa. Nikarudi hatua moja nyuma, nikaitazama mikono yangu yote miwili, nikamgeukia mama, nikasema, "Nimeonewa."

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa, kama mtu aliyepaliwa na maji. Akapiga paja, akanionyesha kidole, "Ndiye! Ndivyo alivyo!" Akacheka mpaka akaishiwa pumzi, na palepale kicheko kikageuka. Akajitupa kwenye udongo akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, akalia kilio ambacho tulikuwa tunakingoja tangu jana yake. Wanawake wote wakalia naye. Mjomba akaja akanishika bega, akasema, "Ahsante, mtani," akaenda kumwinua dada yake.

Mimi nilibaki pale na majivu usoni. Watu walikuwa wanapeana pole, wachukuzi wamekumbatiana, hata mwenye kibanda alipewa pole na watu asiowajua. Nilipowasogelea waliniona wakatabasamu, wakasema, "Wewe bwana, umetuua!" wakacheka tena. Tazama mambo hayo. Nilikuwa nimefiwa na mtu ambaye sijapata mwingine mfano wake mpaka leo, na kila niliyemfuata alikuwa anangoja kituko.

Baada ya matanga nilikwenda kwa mama mara kadhaa. Kila mara nilijiambia, leo nitaketi naye, nitamwambia mama, mimi pia. Lakini akiniona tu mlangoni, uso wake uliokuwa umeanguka ulikuwa unainuka. "Amekuja mtani! Hebu fanya tena." Nilikuwa namfanyia. Nilifanya kwenye meza, nilifanya kwenye kinu. Alikuwa anakula vizuri baada ya hapo, shangazi aliniambia hivyo. Sikurudi tena kwenye kile kibanda.

Ndugu zake wakaamua arudi Tabora, asikae peke yake kwenye nyumba ya reli. Siku ya safari nilikwenda stesheni na dumu la asali. Nilikuwa nimeapa. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Mama alikuwa ameketi dirishani, kitenge kipya kichwani, amekonda. Nikampa asali, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikafungua mdomo, "Mama, mimi na yeye..." na sauti yangu ikakatika, midomo ikaanza kunitetemeka, machozi yakaja.

Mama akaniangalia usoni, akaangua kicheko. Alidhani nimeanza.

"Ndiyo, ndiyo," akasema, anapiga kiganja kwenye dirisha, "ndivyo alivyokuwa akiudhika! Endelea, mwanangu, treni inaondoka."

Nikashika ukingo wa lile dirisha, nikaing'ata kola.