Tumbo la Dagaa, Ubavu wa Omena

Nimeuza omena wa Ziwa Victoria hapa Busia tangu mafuriko ya mto Nzoia yatutoe kijijini Rukala, na kuhusu samaki sikuwahi kukubali kufundishwa na mtu. Najivuna, ndiyo. Kwa hivyo nikisema siku hiyo nilitaka kulia mbele ya soko, ujue ilikuwa mbaya.

Mama mmoja mwenye hoteli Malaba alikuwa ameniagiza gunia la dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wateja wake ni madereva wa malori kutoka Burundi na Kongo, na hao omena hawataki kuona. Alisema wakiwa safi, atachukua gunia kila wiki. Mjukuu wangu msichana alikuwa amekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Huko chuoni anasomea mambo ya samaki, na hilo gunia ndilo lingemrudisha. Milango mingine nilikuwa nimeshagonga yote.

Gunia lilifika na unyevu. Nikaanika dagaa kwa neti moja, omena wangu kwa nyingine. Saa nane mvua ikashuka ghafla. Sisi wa omena mvua ikija hatufikirii: unashika neti pembeni, unakunja, unakimbia. Jirani yangu pale sokoni akapiga kelele, "Mama, unachanganya!"

"Hao ni ndugu!" nikamjibu. "Wote wadogo, wote wanang'aa. Watalala mkeka mmoja." Nikamwaga neti zote mbili chini ya turubai moja, najiona mjanja.

Mjukuu alipofika akashika kichwa. "Kukhu, umefanya nini?"

"Nimeokoa samaki."

"Hawa si ndugu, kukhu." Akachukua kidole changu, akakipitisha kwenye tumbo la dagaa kutoka nyuma kwenda mbele. Kikakwaruzwa kama na msumeno mdogo. "Huyu ni ukoo wa simu, wale samaki wadogo wa baharini. Karibu wote wana haya magamba makali tumboni. Sasa shika omena."

Tumbo laini. Ubavuni akanionyesha mstari mwembamba, ambao dagaa hana.

"Omena ni ukoo wa ningu."

"Ningu wa Nzoia? Yule mkubwa hivi?"

"Huyo huyo. Ukoo hauangalii ukubwa."

Na miaka yote nimewaapia wateja kwamba dagaa na omena ni baba mmoja.

Tukaanza kuwatenga. Macho yangu hayaoni huo mstari, basi nikatumia kidole. Samaki mmoja, tumbo moja, na rundo linafika magotini. Jirani akaniuliza, "Mama, hao ndugu zako wanagawana shamba?" Nikashika tumbo lingine.

Jioni mama wa hoteli akafika. Tulikuwa tumejaza karai moja tu. Akachota kwenye rundo, akatazama, akarudisha.

"Mama, madereva watanirushia sahani."

"Nipe mpaka kesho."

"Kesho nitawapikia nini? Malaba kuna mwingine anao."

Akachukua lile karai tu. Habari ya kila wiki hakuitaja. Mimi, ambaye sijawahi kumbembeleza mtu, nilimshika mkono wa gauni. Akaondoa vidole vyangu polepole, kimoja kimoja, akaenda.

Mjukuu alikuwa bado ameinama, anatenga. Nikamwambia awache. Hakuwacha. Na mimi nikashindwa kuinuka, maana kuinuka ilikuwa ni kumwambia chuoni harudi.