Mlinzi wa Siri za Watu

Mwenye duka la fotokopi na mtandao huko Rwambuzi anachukia kuki, vile vialama vinavyomfuata mtu mtandaoni ili auziwe bidhaa. Ukurasa ukifunguka na kuomba ruhusa, hukunja midomo kama aliyeonja maziwa yaliyochacha, huinua kidole juu, kisha hubonyeza “Kataa zote” kwa kishindo. “Hii matangazo iko nakufuata kama nzi!” huwaambia wanaongoja kwenye benchi. “Siri ya mutu ni ya mutu!” Sauti yake haijui kunong'ona, hata bei ya fotokopi huihubiri.

Siku moja mteja wake, Alphonsine, alimnong'onezea sikioni alichotaka kitafutwe mtandaoni. Tangu aolewe amekubali kuitwa tasa, ili mumewe asiaibike. Mwenye duka akakataa kuki zote, akamtazama kwa fahari.

“Hakuna mutu atajua, mama.”

Kisha akaligeukia benchi. “Nani anajua munganga ya wanaume wenye hawazali, kule Aru? Mama Alphonsine anatafutia bwana yake!”

Benchi zima likashikwa na kikohozi. Alphonsine akajifunika uso kwa kitenge.

“Papa, umenimaliza.”

Yeye akashangaa kwa dhati, akamgeuzia kompyuta ajionee. “Nimekumaliza namna gani? Angalia mwenyewe, nimekataa zote!”

Jioni mama mkwe wa Alphonsine alimpigia mwanawe simu kutoka Marabo, akilia, na hakuna kampuni yoyote ya matangazo iliyokuwa imemwambia kitu.