Kaburi la Mgomba

Nyuma ya jiko la mama, kwetu nje kidogo ya mji wa Bungoma, kuna kaburi lisilo na mtu. Ndani yake kulizikwa mgomba. Hilo halikuwa siri. Hata sisi watoto tulijua, na tukicheza tulilizunguka kwa heshima, maana tuliambiwa ni kaburi la babu yetu askari. Alikwenda vita vya Burma, habari zikaja kwamba amekufa, maiti haikuja. Wazee wakafanya kama ilivyo desturi yetu mtu akipotelea mbali: wakakata shina la mgomba, wakalifunika blanketi, wakalililia, wakalizika. Baadaye mdogo wake akamrithi mjane. Mtoto aliyezaliwa ndiye baba yangu, naye akapewa jina la marehemu ili nyumba ya marehemu isizimike.

Kwa hiyo jina tunalobeba ni la yule askari, ingawa damu yetu ni ya mdogo wake. Liko kwenye kitambulisho changu, kwenye ripoti za shule za watoto wangu, na kwenye leseni iliyoning'inia ukutani katika duka langu la agrovet, la mbegu na mbolea, mjini Kitale. Shamba nalo lilifuata jina. Sehemu ya askari ilimwendea baba, na baba akanikatia mimi upande wa chini, nikajenga nyumba ya matofali. Nayasema haya mapema ili huko mbele nisije nikaonekana mtu mwema.

Mwaka ule watu walikuwa bado wanaimba nyimbo za serikali mpya, na kila mtu alikuwa na mpango. Ukoo wetu ukapata wake: Desemba tukutane sote, kaburi la askari lijengwe kwa saruji, jiwe liwekwe, chifu na pasta waalikwe. Baba alikuwa mwenyekiti, kama alivyokuwa mwenyekiti wa kila kitu. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta namba ya askari na kikosi chake.

"Jiwe bila namba ni kama ya mtu alikufa tu na malaria," baba alisema.

Nikaanza kwa mbwembwe. Nilienda kwa mzee mmoja wa Bungoma aliyepigana Burma, na akakiri mara moja kwamba alimjua babu. Nikauliza kama alikuwa mrefu, akasema mrefu sana. Nikasema sisi tulisikia alikuwa mfupi, akasema ndiyo, mfupi lakini wa nguvu. Nikamwachia sukari nikaondoka. Nikaandika barua kwa ofisi ya nyaraka Nairobi, na baada ya wiki kadhaa wakanijibu kwa adabu kwamba askari wenye jina hilo ni wengi mno, nilete namba au kikosi chake. Nilipaswa kujua hilo bila kuambiwa. Kwetu mtoto hupewa jina la msimu aliozaliwa, na jina tulilolitembeza kifua mbele kama mali yetu lilikuwa la kila mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua.

Sasa kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa Kwanza, nje ya Kitale, mteja wangu. Kila Machi, mvua ikikaribia, alikuja kununua pakiti moja ya mbegu ya mahindi, kilo mbili, na hakutoka dukani bila risiti yenye jina lake kamili. Alikuwa na haki. Miaka ile mbegu feki zilikuwa zimejaa, na isipoota, risiti ndiyo ingemsemea. Siku ya kwanza kabisa alitazama leseni ukutani, akatabasamu.

"Kumbe tunaitwa jina moja," akasema. "Sisi ni watu wa nyumba moja, mtoto wangu."

"Mama, hiyo jina imejaa Bungoma mzima," nikamjibu, na wateja wengine wakacheka. Nilidhani anatafuta kukopeshwa. Kila mwaka alirudia maneno yale, na kila mwaka nikajitia hamnazo.

Machi ile barua ya Nairobi ilikuwa juu ya kaunta. Akauliza natafuta nini mpaka naandikiwa na serikali. Nikamweleza, nusu kwa maringo, habari za babu yangu shujaa.

"Baba yangu pia alikuwa Burma," akasema. "Kitabu yake ya jeshi niko nayo. Namba tunaijua kwa kichwa, alitufundisha kama wimbo."

Wiki iliyofuata alikileta, kimefungwa ndani ya pakiti tupu ya mbegu kutoka duka langu mwenyewe. Kilikuwa kijitabu cha rangi ya kahawia, kingo zimeliwa na mende. Nikasoma jina. Nikasoma jina la baba yake, nalo lilikuwa la baba wa babu zangu, yule anayetajwa kwetu kila mtu akizikwa. Nikasoma eneo la chifu, ni letu. Kwenye alama za mwili waliandika kovu, mguu wa kushoto, chini ya goti. Kwetu hata mtoto anajua hadithi ya kovu lile: ndugu wawili wakilima, jembe la mdogo likateleza likamkata mkubwa. Mwisho kulikuwa na muhuri wa kuachishwa kazi vita vilipokwisha, na maneno kwamba afya yake ni njema na tabia yake nzuri sana.

Nikakaa juu ya gunia la mbolea.

"Huyu mzee alikufa lini, mama?"

"Si mimi nilikuwa nimeshaolewa. Nilikuwa na watoto wawili."

Jumapili, baada ya kanisa, nilikwenda kwake Kwanza. Alinipa chai, kisha akanipeleka kwenye shamba kubwa lililokuwa la mzungu. Baba yake alikuwa kibarua humo hadi uzee, na akazikwa humo, karibu na birika la kunyweshea ng'ombe. Baadaye shamba likauzwa kwa mwenye nguvu wa huko mbali, vibarua wakahamishwa, trekta likalima lote. Tulisimama kando ya birika lililopasuka. Akahesabu hatua kumi na tisa kuingia ndani ya mahindi machanga, akasimama.

"Ako hapa," akasema. "Nikipanda mahindi kwangu najua na yeye amepandwa."

Hapo ndipo aliponiambia kilichotokea, polepole, bila kulaumu, na utulivu ule ndio ulionichoma zaidi. Askari alirudi. Alifika Bungoma na koti lake la jeshi, akamkuta mdogo wake kwenye lango. Mdogo akamwonyesha kaburi. Akamwambia, wewe umeshaliliwa, umeshazikwa, ukiingia humu utaleta kifo. Askari alijua desturi pia. Alijua kuna njia: kondoo achinjwe, mtu aoshwe, aingie kama aliyezaliwa upya. Akaomba kondoo mmoja. Zizini mlikuwa na kondoo saba, aliwaona. Mdogo wake akasema hakuna kondoo.

"Na mke wake?"

"Alimwona kwa mbali, anaanika mtama. Ana tumbo kubwa." Yule mama akainama akang'oa gugu. "Baba alituambia, 'Nikaona tumbo nikaona nirudi. Kama ningeingia kwa nguvu, huyo mtoto angeitwa nani?'"

Mtoto wa tumbo lile ni baba yangu. Nilirudi Kitale nikiwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Maisha yangu yote nilijisifia mtu aliyekufa Burma, na mtu mwenyewe alikuwa anapalilia mahindi ya watu mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka kwetu, huku babu aliyenipakata magotini amemfungia lango. Mimi nilimpenda yule babu. Alikuwa akinimenyea miwa.

Yule mama hakuomba shamba. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu baadaye ilisemwa vingine. Aliomba kitu kimoja: achote udongo pale mahindini, aulete, uwekwe ndani ya kaburi la mgomba kabla halijamwagiwa saruji, ili baba yake alale kwao. Nikamwambia nitaongea na mzee. Nikamtia moyo, nikamhakikishia hakuna shida, Desemba aje.

Nilimkuta baba kivulini mwa ghala, anapiga randa mpini wa jembe. Nikamweleza yote nikamwekea mbele kijitabu alichoniachia yule mama. Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. Alifungua ukurasa mmoja, akaufunga, akaendelea na randa.

"Mama yangu aliniambia akiwa kitandani, akienda," akasema. "Alimwona siku hiyo. Alijua kutembea kwake."

"Umejua miaka yote hiyo?"

"Nimejua nini? Nimejua mtu alipita barabarani."

"Baba, udongo tu. Mkono mmoja wa udongo."

"Leo ataleta udongo. Kesho ataleta vijana wake, kesho kutwa ataleta saveya wa kupima shamba." Akaninyooshea kidole. "Mimi nilizaliwa niwe nyumba ya maiti. Kama huyo hakuwa maiti, mimi ni nani? Na wewe hapo chini umejenga kwa nani? Kama unataka kumleta, anza na kubomoa nyumba yako."

Sikubomoa nyumba. Nilitazama paa langu kule chini, mabati mapya, nikaona aibu, na nikaona pia kwamba aibu ile ningeweza kuishi nayo. Baba akaokota kijitabu, akakifungua tena.

"Lakini namba ni nzuri," akasema. "Nakili hiyo namba."

Nikaketi chini nikainakili, pamoja na kikosi. Fundi wa jiwe aliniuliza kama nina hakika na tarakimu, maana jiwe halifutiki. Nikamwambia nimeziona kwa macho yangu. Chini yake tukaandika kwamba alifia vitani kwa ajili ya nchi na ukoo wake. Maneno hayo niliyatunga mimi, kwa kalamu yangu ya dukani.

Ningeweza kumwambia yule mama asije. Simu ya mkono nilikuwa nayo, na jirani yake alikuwa nayo. Kila jioni ya wiki ile nilijiambia kesho nitapiga. Saruji ilimwagwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi hema zilikuwa zimesimama, wanawake wanasonga ugali, chifu ameshafika, na mimi niko langoni kuwapokea wageni, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Alikuja saa nne. Alivaa gauni la bluu na kitambaa cheupe kichwani, viatu amevipangusa vumbi barabarani, nadhani, kabla ya kukata kona ya kwetu. Mkononi alikuwa na pakiti ya mbegu iliyokunjwa juu na kufungwa kwa uzi. Sikuhitaji kuuliza ina nini.

"Nimefika, mtoto wangu," akasema.

Kabla sijamkaribisha, baba alitokea nyuma yangu na chifu. Akamtazama yule mama kuanzia kitambaa hadi viatu, kisha akatazama pakiti. Najua alimtambua. Wana paji la uso moja, na ukiwaweka pamoja hata kipofu angesema ni wa mzee mmoja.

"Huyu ni nani?" baba akaniuliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Chifu alikuwa anasubiri. Watu wa kwanza hemani walikuwa wamegeuka. Yule mama naye alinitazama, wala si kwa kuomba. Alitaka tu kusikia.

"Ni mteja wangu," nikasema. "Mteja wangu kutoka Kitale."

"Karibu, mama," baba akasema. "Wageni wanakaa hema ya kule."

Akaketi hema ya kule. Alipewa sahani yake kama wengine. Wakati wa kufunua jiwe alisimama nyuma na watu wa nje, na pasta alipoisoma namba, niliona midomo yake inaitamka pamoja naye, tarakimu kwa tarakimu, mpaka mwisho. Baadaye, watu walipojipanga kupiga picha, alilisogelea kaburi. Akapitisha kiganja juu ya saruji, akatafuta mahali penye ufa au udongo. Hapakuwa na mahali. Fundi alikuwa ameifanya kazi vizuri. Akaondoka na pakiti yake, na mimi nikamsindikiza kwa macho tu hadi alipopinda kona.

Nilidhani nimempoteza mteja huyo. Lakini Machi ni Machi, na pale Kitale maduka mengine yalikuwa na sifa mbaya ya mbegu. Alikuja siku ya soko, akapanga foleni, akasubiri zamu yake. Nikamtolea pakiti ya kilo mbili. Nikataka kumwita shangazi, neno likafika kwenye meno likakwama, kwa kuwa kulikuwa na watu. Nikavuta kitabu cha risiti, nikaandika tarehe, nikaanza kuandika jina letu.

"Hapana," akasema taratibu, akaweka kidole juu ya karatasi. "Andika tu mteja."

Nikaandika.