Kilo za Lorraine

Kinyanjui hakuwa mtu wa kukumbatia watu. Alikumbatia mbuzi. Ndiyo kazi iliyomlisha miaka yote: kila asubuhi, soko la Kiamaiko, anamnyanyua mbuzi mzimamzima, anambana kifuani, anafumba macho kidogo kama mtu anayetafuta jina la rafiki wa zamani, kisha anajua ni kilo ngapi. Moyoni mwake hakuwahi kukosea.

Mdomoni ilikuwa habari nyingine, maana dalali ni dalali. Kwa mwenye mbuzi aliyetoka safari ya mbali, mnyama daima alikuwa mwepesi, maskini, amekonda njiani. Kwa mwenye bucha, mnyama yuleyule, akiwa bado amesimama palepale, alikuwa amekwisha kunona. Hakuna aliyekasirika. Sokoni kila mtu anajua kwamba kuna kilo za kununua na kilo za kuuza, na baina ya hizo mbili ndipo dalali anapopata unga wa watoto.

Mkewe, Aoko, aliuza mboga hapo mtaa wa Jericho walikoishi. Alisema mwanamume anayenuka mbuzi kiasi hicho ni heri apendwe kwa umbali wa salamu, na ndoa yao ilikuwa nzuri. Binti yao wa pekee, Lorraine, alipokuwa mdogo alibebwa na babake kila mahali, mpaka kanisani. Halafu akaota miguu mirefu, akawekwa chini siku moja, na hakuna aliyetangaza kwamba ile ndiyo mara ya mwisho. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne na alimsalimia babake kwa kuinua kidevu.

Mtoto huyo alikuwa na michezo miwili na hakutaka kuacha hata mmoja. Mwanzo wa wiki alikuwa ukumbini kwa Kocha Odongo, akipiga ndondi. Mwisho wa wiki alikuwa uwanjani kwa Mwalimu Muhonja, akicheza raga. Majirani walimwonya Aoko kwamba mshika mbili moja humponyoka. Aoko akawajibu kwamba mwanawe ana mikono miwili, na kama wanatafuta wa kumhurumia, wamhurumie anayefua zile nguo.

Taabu haikuwa muda. Taabu ilikuwa uzito. Odongo alimtaka apigane na wasichana wasiozidi kilo arobaini na nane, basi akamwagiza ale sukuma wiki isiyo na mafuta na ugali wa kuonja tu. Muhonja alimpanga mstari wa mbele, wale wanaosukumana vichwa vimeinama, na hapo hakuruhusu mtu aliye chini ya hamsini, asije akakunjwa kama kiti cha harusini. Yeye akamwagiza mayai, githeri ya mahindi na maharagwe, na chakula cha mchana mara mbili. Lorraine, mtoto mtiifu, akawa anafunga Jumatatu na kufanya sherehe Alhamisi. Jumapili alilala kanisani, tumbo halijui ni la kocha gani.

Na nani wa kumpima? Mizani ya ukumbini ilikuwa imekanyagwa na bondia mmoja mnene, mshale ukakwama kwenye tisini, na tangu siku hiyo kila mtoto wa Jericho alikuwa na kilo tisini. Uwanjani kwa Muhonja hapakuwa na mizani kabisa. Ndipo Odongo alipokumbuka kazi ya babake msichana.

"Mzee, si wewe hupima mbuzi kwa mkono? Nipimie huyu, uwe unaniambia."

Muhonja naye, bila kujua kwamba kuna mwenzake, akaomba vivyo hivyo.

Basi ikaanza desturi. Kila asubuhi Kinyanjui alisimama mlangoni na kofia yake, Lorraine akaja na sare ya shule, akajilegeza, babake akamnyanyua, akafumba macho.

"Arobaini na tisa."

Akamweka chini, kila mtu akaenda zake. Lakini Kinyanjui alianza kuamka kabla ya simu kulia, na akaacha kuvaa koti lake la sokoni mpaka amalize kumpima, ili mtoto asinuke mbuzi.

Ila arobaini na tisa ilikuwa namba isiyomfaa mtu. Kwa Odongo ilizidi, kwa Muhonja ilipungua. Jumatatu moja Kinyanjui akamkuta Lorraine jikoni, amekaa mbele ya chapati. Haili, anaiangalia tu, machozi yanamtoka. Mtu mzima akaumia rohoni. Akaikunja ile chapati, akaitia mkononi mwa mtoto, na jioni hiyo Odongo alipopiga simu, mdomo wa Kinyanjui ukafanya kazi uliyoizoea.

"Arobaini na saba na nusu, kocha. Amekonda, maskini."

Alhamisi akapiga Muhonja.

"Hamsini na moja, mwalimu. Ukimwona utamwogopa."

Miezi ikapita, kila kocha radhi. Lorraine alikula kama binadamu, akapiga watu ngumi, akasukuma watu, na kwa hesabu za simu alikuwa akinenepa kila Alhamisi na kukonda kila Jumatatu bila kuugua hata mafua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na kona nyingi, ikachelewa kuisha.

Iliishia kwenye supu. Siku moja ya likizo, Odongo na Muhonja, wasiojuana, walikaa benchi moja kibandani, kila mmoja akijisifu kwa mwenye kibanda kuhusu mashindano ya mitaa ya Jumamosi. Odongo akasema ana msichana wa arobaini na saba na nusu, mwepesi, ila mkono wake ni nyundo. Muhonja akasema wake ni hamsini na moja, ukuta mtupu.

"Wako anaitwaje?" Odongo akauliza, kwa adabu tu.

"Lorraine."

"Lorraine wa Jericho hapa?"

"Lorraine wa Kinyanjui."

Wakaiacha supu. Wakampitia msichana nyumbani, wakashuka naye hadi Kiamaiko, mmoja kulia na mwingine kushoto, kama watu wanaompeleka mshukiwa korti ya Makadara. Walitembea kwa hasira na kwa kasi. Lorraine, akiwa na ndala zake, mara kwa mara alilazimika kusimama awangoje.

Walimkuta Kinyanjui amekumbatia beberu. Akawaona wote watatu, akajua. Beberu naye akajua, akamkojolea koti.

"Tunataka mizani," alisema Muhonja. "Ile ya chuma."

Mizani ya soko hutundikwa juu, na chini yake kuna ndoano ya kuning'inizia. Wachinjaji wakaifuta kwa heshima ambayo hakuna mbuzi aliyewahi kuipata, wakafunga gongo kwenye ndoano ili msichana alishike kwa mikono miwili. Madalali wakazunguka, na kwa mazoea wakaanza kukisia. Mzee mmoja aliyekuwa akihesabu mbuzi wake kando akasikia kilo zikitajwa, akauliza bei bila kuinua macho.

Kinyanjui hakuogopa aibu. Aibu ya sokoni huoshwa na mvua ya kwanza. Aliogopa kwamba mshale ule utamnyang'anya mtoto wake mchezo mmoja, pengine yote miwili, na kosa si la mtoto, ni la mdomo wake yeye.

Lorraine akashika gongo, akakunja miguu. Mshale ukacheza, ukatulia kwenye arobaini na tisa.

"Mzee, ulinidanganya," alisema Odongo.

"Sikukudanganya. Wewe nilikuwa nanunua kwako. Mwalimu nilikuwa namuuzia."

Madalali wakatikisa vichwa kukubali, maana kwao hilo lilikuwa jibu kamili. Makocha hawakuridhika.

"Mimi huniambia za ukweli," Lorraine akasema, bado ananing'inia. "Kila asubuhi, forty-nine. Hajawahi kunibeba na uongo."

Muhonja akazitazama ndala za msichana. Yeye mwenyewe bado alikuwa anahema kwa ile safari.

"Hebu teremka. Kilo hizi si za mbele. Lakini umetuacha nyuma njia nzima na ndala, na hata hujatoa jasho. Huko pembeni ninahitaji mtu wa kukimbia na mpira."

"Kwangu atapanda daraja moja," Odongo akasema, akijikuna kidevu. "Huko juu wako wawili tu, na mmoja amehamia Nakuru. Na Jumamosi ndondi ni asubuhi."

"Raga ni mchana."

Ikawa imekwisha. Miezi ya sukuma isiyo na mafuta, miezi ya simu na uongo, kumbe dawa ilikuwa maneno mawili matatu. Kinyanjui alikasirika kidogo kwamba hakuna aliyewahi kuyasema, akiwemo yeye.

"Sasa ale anachotaka," alisema Muhonja. "Uzito hauna kazi tena. Na wewe, Baba Lorraine, upumzike. Hatutakusumbua na mambo ya kupima."

Kinyanjui akashukuru, wakaagana vizuri. Kisha akamrudia beberu wake, akamnyanyua, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo hakujua kilo. Akataja tu namba.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya simu. Akanywa chai amesimama. Hapakuwa na sababu yoyote ya kwenda kusimama mlangoni, na mtu mzima hawezi kuanza tu kumkumbatia binti wa miaka kumi na minne Jumatano asubuhi bila kazi maalumu. Nyumba nzima itauliza ni nani amekufa. Akavaa koti la sokoni, akafunga vifungo vyote. Ilikuwa huzuni, naye alijua ni huzuni, lakini akasema chai ilizidi majani.

Alipogeuka, Lorraine alikuwa amesimama mlangoni mahali pake, na nguo za kulalia, mikono imelegea.

"Si tuliambiwa hakuna kupima tena?" babake akauliza.

"Na nani? Toa hiyo koti kwanza, Dadi, inanuka."

Akafungua vifungo vyote, kimoja kimoja, akalitupa koti kitini. Akamnyanyua. Akafumba macho. Muda ukapita ambao mbuzi angekwisha kuuzwa, kuchinjwa na kufika bucha.

"Ngapi?"

"Sabini."

"Sabini?" Lorraine akacheka begani mwake. "Hizo ni za kununua ama za kuuza?"

"Huyu hauzwi," alisema Kinyanjui.

Aoko akaita kutoka jikoni kwamba saa zimekwenda na mbuzi wanangoja. Kinyanjui alimsikia vizuri, lakini hakumteremsha mtoto.