Diski ya Mama Nembo

Mtaani walimwita Mama Nembo, ingawa hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na kazi yake ya kutarizi: nembo za shule kwenye mifuko ya mashati, majina ya wauguzi kwenye makoti, na mara mojamoja herufi za maharusi kwenye foronya. Kwa miaka mingi kazi hiyo aliifanya na mdogo wake. Yeye alikuwa wa mashine, kubadili nyuzi na kukaza kitambaa kwenye fremu. Mdogo wake alikuwa wa kompyuta. Ndiye aliyechora kila nembo, na ndiye aliyejua ipi imehifadhiwa wapi.

Kisha mdogo, akiwa anakaribia hamsini na mashangazi wameshachoka kumuuliza, akaolewa na mgane mmoja mpole na kuhamia kwake, safari ya siku nzima kwa basi. Mama Nembo alimsaidia kufunga mizigo, akamtania kwamba anabeba viatu vingi kuliko miguu aliyonayo.

Mwanzoni simu zilikuwa nyingi. Faili halionekani, kompyuta imeganda. "Bonyeza kulia, dada. Hapana, kulia kwako." Shida ikishatatuliwa waliongea mengine: magoti, bei ya nyuzi, jinsi shemeji anavyokoroma. Lakini Mama Nembo alizidi kuielewa kompyuta, shida zikapungua, na simu nazo zikapungua. Hakutaka kuonekana anamng'ang'ania mke wa mtu. Jioni akizima mashine, nyumba ilinyamaza hivi kwamba alisikia friji ikiguna jikoni.

Asubuhi moja kompyuta ilianza kugonga kwa ndani, tk, tk, kama mtu anayegonga ukucha mezani. Akampigia mdogo wake. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na vyombo na vicheko vya watu.

"Hiyo ni diski inakufa," mdogo alisema. "Usinunue chochote kwanza. Nitakupigia baadaye tuchague, tuna wageni."

Baadaye hiyo haikufika siku ile, wala kesho yake. Mama Nembo aliiweka simu karibu na mkasi, asije akakosa kuisikia kwa kelele za sindano. Kompyuta ilipogoma kufungua nembo ya shule moja, akaichomoa, akaifunga kwenye shuka, akaenda nayo kwa fundi.

Duka la fundi lilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi, likipakana na la kinyozi. Fundi alikuwa mtu wa makamo, miwani kaipandisha kichwani huku anaitafuta mezani. Mama Nembo akamwonyesha ilipo. Baada ya kusikiliza ile milio, fundi akaweka mezani diski moja kubwa nyeusi.

"Hii ina nafasi utakayoshindwa kuijaza, na bei yake ni ya kutupa."

"Ni mpya?"

"Mpya kwako."

Mama Nembo hakujua mambo ya diski, lakini alijua kununua mashine iliyotumika. Akauliza ilikuwa wapi na ilikuwa ikifanya kazi gani. Fundi akakuna kidevu. Ilitoka kwenye kamera za ulinzi za ghala fulani, ilizunguka mchana na usiku bila kupumzika. Akaombwa aipime palepale. Kwenye kioo yakatokea madoa mekundu, sehemu zilizokwisha kufa.

"Basi imezeeka," alisema Mama Nembo.

"Imezeeka kama mimi na wewe, mama. Ila bado inatembea." Kisha akauliza, "Unahifadhi nini, sinema?"

"Nembo."

"Nembo hazili nafasi. Nafasi yote hii utaiwekea nini?"

Mama Nembo alikumbuka chumba cha mdogo wake, kitanda kimetandikwa na hakilaliwi. Akairudisha ile diski upande wa fundi.

Fundi akatoa nyingine, ndogo, nyembamba kama sabuni inayokaribia kwisha. Hii ilikuwa mpya kweli, kwenye boksi lisilofunguliwa, na dhamana yake iliandikwa na kugongwa muhuri. Haikuwa na kitu kinachozunguka ndani. Nafasi yake ilikuwa ndogo sana kuliko ile nyeusi, kwa bei isiyopishana sana.

"Lakini nayo kuna siku itakufa," fundi alisema, "na hii haigongi kwanza. Inaondoka kimya. Kwa hiyo weka nakala pembeni."

Akachukua hiyo, pamoja na flashi ya nakala. Kuhamisha mafaili kulichukua mchana kutwa. Fundi alimwambia aende, arudi baadaye. Mama Nembo akasema miguu inamuuma, akabaki kwenye benchi akimsikiliza fundi akimlalamikia kinyozi kuhusu mpira.

Karibu nembo zote zilipona. Iliyopotea ni ileile iliyogoma, ndege juu ya kitabu, na shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Mama Nembo akatandaza shati kuukuu la shule hiyo na kuanza kuchora mwenyewe. Ndege wa kwanza alitoka kuku. Wa pili alikuwa na shingo ya bata. Alirudia mpaka akapatikana ndege, na mwalimu mkuu akachukua mashati bila kuona tofauti.

Ndipo mdogo akapiga.

"Nisamehe dada, wageni hawakuondoka. Haya, sikiliza nikwambie diski ya kununua."

"Nimeshanunua."

"Nani kakuchagulia?"

"Nimechagua mwenyewe." Akamweleza habari ya diski zote mbili, na ya yule ndege pia.

Mdogo akamsikiliza mpaka mwisho. "Mimi ningechukua ile kubwa," alisema. Kisha akauliza kama mvua imenyesha huko. Ilikuwa imenyesha.

Wiki iliyofuata Mama Nembo alipiga yeye.

"Nini kimeharibika?" mdogo aliuliza kwa haraka.

"Hakuna. Kila kitu kinafanya kazi."

"Sasa?"

"Basi tu. Nilitaka tuongee."

Alisikia mlango ukifunguliwa, na mdogo wake akijiweka kwenye kiti huko nje. Waliongea kidogo kuhusu magoti. Kisha mtu akaita kutoka ndani, mdogo akaitika. Mama Nembo akamwambia haya, nenda, wanakungoja. Akabaki ameishika simu mpaka kioo kikazima chenyewe.